Kijembe cha Mac: Nani Alicheka, Nani Alinuna

Mei 2006 kampuni ya Apple ilianza kurusha kwenye runinga za Marekani tangazo lisilo na mapambo yoyote. Ukuta mweupe, sakafu nyeupe, wanaume wawili wamesimama wakitutazama. Mmoja ni kijana, kavaa jinzi, mikono iko mifukoni. Mwenzake ni mnene kidogo, ana miwani, kavaa suti ya kahawia na tai. Kijana anajitambulisha kuwa yeye ni Mac. Wa suti naye anasema yeye ni PC. Wanazungumza kwa nusu dakika hivi, muziki mwepesi ukisikika kwa mbali, kisha kompyuta yenyewe inaonekana kwa muda mfupi tu na tangazo linakwisha.

Kampeni hiyo, “Get a Mac”, iliendelea hadi 2009 na ilitoa matangazo 66. Iliandaliwa na wakala wa TBWA\Media Arts Lab na kuongozwa na Phil Morrison. Justin Long alikuwa Mac, John Hodgman akawa PC. Mwaka 2007 ilitwaa tuzo kuu ya Effie, ambayo hutolewa kwa matangazo yaliyoleta matokeo sokoni, si kwa uzuri wa picha. Mwaka huohuo mwandishi Charlie Brooker aliandika kwenye gazeti la The Guardian la Uingereza makala nzima ya kueleza kwa nini anazichukia Mac, na kilichomchokoza ni kampeni hiyohiyo.

Watu wakitofautiana hivi juu ya tangazo moja, huwa tunasema kila mtu na ladha yake, basi yaishe. Mimi siridhiki na jibu hilo, kwa kuwa linauacha ufundi bila kuukagua. Ukilifungua tangazo hili utakuta kicheko na hasira vimetoka kwenye uamuzi mmoja: mtazamaji alipangiwa mahali ndani ya tangazo kabla hajaulizwa kama anapataka.

Tuanze na shida iliyokuwepo. Wakati ule zaidi ya asilimia 90 ya kompyuta za watu duniani zilikuwa PC, yaani zikitumia mfumo wa Windows wa Microsoft. Apple ingeweza kutaja kasi ya prosesa na ukubwa wa diski, lakini ni nani angebadili kompyuta aliyoizoea kwa sababu ya tarakimu? Wakala wakaamua kompyuta zizungumze zenyewe, ziwe na mavazi, sauti na tabia. Hapo swali alilokuwa akiulizwa mnunuzi likabadilika. Hakuulizwa tena anataka mashine gani. Aliulizwa yeye ni mtu wa namna gani.

Wapenzi wa taarab wanaijua mbinu hii vizuri. Miaka ya 1990, vikundi vya TOT na Muungano vilipokuwa vikirushiana mipasho, Khadija Kopa huku na Nasma Khamis kule, wimbo haukuwa na haja ya kumtaja mtu. Ukumbini mmoja anainuka na noti zake kwenda kutunza, anacheza taratibu akipita mbele ya meza ya mbaya wake, na yule aliyeketi anavimba kwa sababu ameshajua kaimbiwa yeye. Tangazo la Mac lilikuwa mpasho wa aina hiyo. Hakuna mahali lilipomwambia mwenye PC kwamba amepitwa na wakati. Lilimsimamisha mtu wa suti mbele yake, likamwacha ajitambue mwenyewe. Aliyejiona kwa yule kijana alichekelea. Aliyejiona kwenye ile suti, na hasa aliyeiona suti ya baba yake au ya bosi wake anayemheshimu, alinuna.

Hata hivyo, si matangazo yote 66 yaliyouma sawasawa, na hapo ndipo penye funzo kwa yeyote anayeandika matangazo.

Chukua lile la mwaka 2007 liitwalo “Security”. Windows Vista ilikuwa imeingia madukani Januari mwaka huo, ikiwa na ulinzi mpya: kila programu ilipotaka kugusa sehemu nyeti ya kompyuta, kidirisha kilijitokeza kumwomba mtumiaji ruhusa. Nia ilikuwa njema. Lakini vidirisha vilikuwa vingi mno, watu wakawa wanabonyeza bila kusoma. Tangazo likamsimamisha nyuma ya PC mlinzi wa miraba minne, suti nyeusi, miwani ya jua, kidude cha mawasiliano sikioni. Mac anasalimia, mlinzi anamuuliza PC kama akatae au aruhusu. PC anaruhusu. Mac anaongeza neno, mlinzi anauliza tena. PC anaeleza kwa uchovu kwamba anaweza kumzima mtu huyu, ila akimzima hatapewa onyo la lolote. Mwishowe mlinzi anamtaarifu PC kwamba anaelekea kuutambua ukweli wa kusikitisha, na kumuuliza: akatae au aruhusu? PC anaruhusu.

Nalihesabu hilo kuwa tangazo bora la kampeni nzima. Kilichotaniwa ni kasoro ya kweli, iliyokuwa kwenye programu, na waliokuwa wakiijua kuliko wote ni wateja wa Microsoft wenyewe. Mwenye Vista alicheka kwa sababu hatimaye kuna mtu kasema kero yake hadharani. Hakulazimika kujiona mjinga, maana hakukitengeneza yeye kile kidirisha.

Sasa litazame lile ambamo PC anajivunia grafu aliyoichora kuonyesha likizo ya familia, kipande hiki muda wa kupumzika, kipande kile muda wa kustarehe, huku Mac akijisifia picha na filamu za nyumbani. Hapa mashine haina kasoro yoyote iliyotajwa. Anayechekwa ni mhasibu, karani, mtu wa ofisini ambaye siku yake yote ni safu na jumla za tarakimu. Amefanya kosa gani? Alinunua kompyuta ya kazi, akaifanyia kazi. Utani wa namna hiyo haumwachii mtu nafasi ya kukubali na kucheka, kwa sababu kukubali ni kujidharau. Waliokereka nalo hawakuwa wamekosa ucheshi.

Kuna jambo jingine la kiufundi ambalo nadhani wakala hawakulidhibiti kabisa. Katika vichekesho vya watu wawili, anayependwa ni yule anayeanguka. Hodgman, mwandishi aliyekuwa akionekana kwenye kipindi cha The Daily Show, alipewa vituko vyote vya kuchekesha: alipiga chafya kwa sababu ya virusi, aliganda katikati ya sentensi, alipanga mipango ikamfia mikononi. Long alibaki kusimama na kutabasamu. Ukisimama bila kutenda huku mwenzako anahangaika, watazamaji wataanza kukuona mwenye majivuno, hata ukiwa umeandikiwa maneno ya upole. Mac kweli aliandikiwa upole, kila mara akimpa mwenzake pole na kumsifu. Bado wengi walimpenda zaidi PC.

Uingereza kasoro hiyo ilikuzwa mara mbili. Mwaka 2007 Apple iliwachukua David Mitchell awe PC na Robert Webb awe Mac. Waingereza walikuwa wakiwajua wawili hao tangu 2003 kwenye tamthilia ya vichekesho ya Peep Show ya Channel 4, ambamo Mitchell ni mtu wa ofisini mwenye wasiwasi mwingi lakini anayelipa bili zake, na Webb ni mvivu anayejidanganya kwamba ni mwanamuziki. Sura zikaingia kwenye tangazo na historia yake yote. Brooker aliligusa hilohilo: kwa mtazamaji wa Uingereza, Mac alikuwa amepewa sura ya mtu asiyefaa kuigwa. Japani, ambako kumlinganisha mshindani waziwazi huonekana ni utovu wa adabu, Apple ilijihadhari zaidi. Iliwatumia wachekeshaji wawili wa kundi la Rahmens, na makali yakapunguzwa, tofauti ikawa zaidi kati ya kompyuta ya kazini na ya nyumbani.

Je, ililipa? Katika mwaka wa fedha wa 2006 Apple iliuza Mac zipatazo milioni 5.3, mwaka 2009 zilifika kama milioni 10.4. Singeipa kampeni sifa zote. Mwaka 2006 Mac zilihamia kwenye prosesa za Intel, hivyo mtu aliweza kuziwekea Windows akitaka. Mwaka 2007 iPhone iliwaingiza wengi kwenye maduka ya Apple. Vista nayo iliwaudhi watumiaji bila msaada wa mtu. Lakini hesabu ya soko inaeleza kwa nini Apple haikuogopa kukera: kampuni yenye sehemu ndogo ya soko, ikiwaudhi watu 90 kati ya mia na kuwavuta watatu, imefanya biashara kubwa sana. Microsoft haikuwa na ruhusa hiyo, kwa kuwa takribani kila mtu alikuwa mteja wake. Jibu lake la 2008, lililotengenezwa na wakala wa Crispin Porter + Bogusky, lilianza na mhandisi wake aliyevishwa kama Hodgman, kisha wakafuata watu wa kila kazi na kila nchi, kila mmoja akisema yeye ni PC. Lilikuwa jibu zuri. Waliotukanwa walipewa nafasi ya kujitokeza kwa fahari.

Apple ilikuwa imeshaonja ubaya wa kuukosea ukumbi. Januari 1984 tangazo lake la Macintosh lililoongozwa na Ridley Scott lilishangiliwa sana kwenye fainali ya Super Bowl: dhalimu yuko kwenye skrini, na mtazamaji anajiona kwa mwanamke anayekuja kuivunja kwa nyundo. Mwaka uliofuata ikarudi na “Lemmings”, lililoongozwa na ndugu yake, Tony Scott. Safari hii wafanyabiashara waliofungwa vitambaa machoni walitembea kwa mstari na kutumbukia kutoka kwenye jabali, mmoja baada ya mwingine. Bidhaa iliyokuwa ikitangazwa ni mfumo wa maofisini. Yaani walioonyeshwa kama vipofu ndio waliokuwa wakiombwa fedha. Lilipokewa vibaya, na sioni lingepokewaje vingine.

Mei 2024 kosa hilo likajirudia, kwa sura nyingine. Kwa ajili ya iPad Pro mpya, Apple ilitoa filamu fupi iitwayo “Crush!” ambamo mashine kubwa ya kukandamiza inashuka polepole juu ya piano, gitaa, tarumbeta, makopo ya rangi na kamera, inaviponda vyote, kisha inainuka na kuacha kibao chembamba cha milimita 5.1. Waliokasirika safari hii ni wanamuziki, wachoraji na watu wa filamu, wateja waliokuwa wakiitetea Apple kwa miaka mingi. Mwigizaji Hugh Grant aliishutumu hadharani. Ndani ya siku chache kampuni ikaomba radhi na kufuta mpango wa kuirusha kwenye runinga.

Mwaka 2008 kampuni ya LG ilikuwa imetangaza simu yake ya KC910 Renoir kwa mashine kama hiyohiyo, ikiponda vitu vya aina hiyohiyo, na dhoruba kama hii haikutokea. Kwa nini? Wakati ule hakuna mpiga gitaa aliyeiona simu kama mpinzani wake. Kufikia 2024 kulikuwa na programu zinazotoa wimbo au mchoro kwa sekunde chache, na mwaka mmoja nyuma waandishi na waigizaji wa Hollywood walikuwa wamegoma, akili mnemba ikiwa mojawapo ya hoja zao. Msanii aliyetazama mashine ikishuka hakuona gitaa likivunjika. Aliona riziki yake.

Siku hizohizo kuna waliolichukua tangazo lile la Apple na kulirudisha nyuma, mwisho ukawa mwanzo. Mashine inainuka, na kutoka kwenye kibao chembamba piano inajiunda upya, rangi zinarudi kwenye makopo, kamera inakuwa nzima. Ahadi ya bidhaa haikupungua hata kidogo: vyote hivi vimo humu. Hakuna picha iliyoongezwa wala iliyoondolewa, na baadhi ya waliokuwa wamekasirika walilisifu.