Shimo la Kioo

Aprili 2025, katika nyumba ya wageni mjini Naivasha, maofisa wa Kenya waliwakuta vijana wawili raia wa Ubelgiji wakiwa na malkia wa sisimizi wapatao 5,000, wamepangwa ndani ya mirija ya maabara 2,244, kila mrija umezibwa kwa pamba. Mei 7, mahakama ya Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta iliwatoza vijana hao, pamoja na washtakiwa wawili wa kesi ya pili iliyofanana na yao, faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Magazeti yalishughulika na bei za wadudu hao Ulaya na Asia. Mimi nilinaswa na jambo dogo lililotajwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya: kwamba mirija ile iliandaliwa ili sisimizi waweze kuishi humo hadi miezi miwili.

Miezi miwili bila punje ya chakula! Hata panya hawezi.

Kwanza tuwajue wenyewe. Wengi waliwaita siafu, na hapo palikuwa na kosa. Malkia wa siafu hana mabawa maishani mwake na haanzishi kundi peke yake. Mtoe kwenye jeshi lake umtie kwenye mrija, utakuwa umemzika. Wa Naivasha ni sisimizi wavunaji, Messor cephalotes kwa jina la kitaalamu, wale wakubwa wenye wekundu na weusi wanaobeba mbegu za nyasi kwenda ghalani chini ya ardhi. Malkia wao anapita sentimita 2. Mvua zikinyesha, majike na madume wenye mabawa hutoka shimoni na kuruka. Dume akishampanda jike, siku zake zimekwisha. Jike hutua, huyang'oa mabawa yake mwenyewe, huchimba kishimo na kujifungia humo. Mbegu za kiume alizopokea siku hiyo anazihifadhi tumboni, na ndizo atakazotumia kurutubisha mayai maisha yake yote. Maisha hayo si mafupi: malkia mmoja wa aina ya Lasius niger aliyefugwa Ulaya aliishi zaidi ya miaka 28.

Siri ya mrija iko kwenye kule kujifungia. Malkia wa aina hii haendi kutafuta chakula mpaka watoto wake wa kwanza wakue. Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea mwilini, na kwa misuli ya mabawa ambayo sasa haina kazi: inayeyushwa ndani kwa ndani, inageuka chakula. Mabuu anawalisha kwa ute wake na kwa mayai mengine yasiyoanguliwa, anayoyataga kama posho tu. Kwa hiyo aliyempata malkia leo na kumpelekea sukari, asali na panzi aliyekatwa vipande anajisumbua, tena anamsumbua malkia. Kitu kimoja tu hana akiba nacho, nacho ni maji.

Hapo ndipo ufundi unapoanza. Unachukua mrija wa kioo wenye urefu wa kiganja, unajaza maji theluthi moja au nusu. Unasokota tonge la pamba na kulisukuma kwa kijiti hadi liguse maji, liloe upande wa chini na upande wa juu libaki na unyevu tu. Nafasi iliyobaki, kama sentimita 5, ndiyo chumba cha malkia. Mlango ni pamba nyingine, kavu, inayopitisha hewa na kumzuia asitoke. Ukitazama vizuri utaona ni kishimo kilekile cha udongo: ukuta upande mmoja wenye maji, hewa kidogo, nafasi finyu anayoweza kuigusa kila upande. Malkia akipewa sanduku kubwa hutangatanga akitafuta njia na kuchoma akiba yake kwa kutembea.

Tonge la pamba lina mambo yake. Likilegea, maji yanavuja. Likikazwa mno, unyevu haupiti. Kubwa zaidi ni lile povu la hewa linalobaki nyuma yake. Hili nililijua kwa hasara. Niliwahi kumwokota malkia wa sisimizi weusi wakubwa wa nyumbani, chini ya taa ya baraza usiku wa mvua, nikamtengenezea mrija na kuuweka juu ya friji, nikiamini joto litamfaa. Siku ya tatu nilimkuta kabandika miguu kwenye kioo, maji yamefika tumboni. Friji ilipopata moto, hewa iliyonaswa nyuma ya pamba ilitanuka na kuyasukuma maji yapenye. Ilipopoa, pamba ikafyonza hewa nyingine ndani, povu likakua, na joto lililofuata likasukuma zaidi. Nilikuwa nimemwekea pampu. Dawa ni kutoacha povu unaposukuma pamba, na kuuweka mrija mahali ambapo joto halipandi na kushuka: droo ya nguo inashinda dirisha, friji na juu ya runinga.

Giza ni sharti la pili, na ndilo linalowashinda watu wengi, maana aliyempata malkia anataka kumwona. Mtikisiko na mwanga wa ghafla humfanya ajione kagunduliwa, na malkia aliyegunduliwa hula mayai yake. Kwa hesabu yake ni afadhali akiba irudi tumboni kuliko iliwe na adui. Wafugaji wenye subira huchungulia mara moja kwa wiki, tena kupitia karatasi nyekundu ya plastiki, kwa kuwa rangi hiyo sisimizi wengi hawaioni vizuri. Kuna jambo lingine linalotaka subira: kung'oa mabawa si ushahidi kwamba amepandwa. Asiyepandwa naye anaweza kuyang'oa na kutaga, ila mayai yake yatatoa madume matupu. Utalijua hilo baada ya wiki nyingi, na hakuna njia ya mkato.

Sasa turudi Naivasha na hesabu yake. Malkia 5,000 kwa mirija 2,244 ni zaidi ya wawili kwa kila mrija. Mfugaji hafanyi hivyo, maana katika aina nyingi za sisimizi malkia wawili wanaoanza pamoja huishia kuuana, mara nyingi pale watoto wa kwanza wanapotokea. Lakini msafirishaji hangoji watoto wa kwanza. Mrija uleule unasomeka kwa namna mbili: ukiwa na malkia mmoja gizani ni chumba cha kulelea, ukiwa na wawili, na mingine elfu mbili kando yake, ni kifungashio.

Wapo wanaowatetea wakusanyaji kwa kusema kwamba malkia wengi wangekufa hata hivyo, wakaliwa na ndege, mijusi na siafu. Wanasema kweli nusu. Vifo vingi hutokea mwanzoni kabisa, angani na kwenye dakika za kwanza ardhini. Anayeokota malkia aliyekwisha kung'oa mabawa na kuanza kuchimba anachukua yule aliyepita kwenye chujio hilo la kwanza, kisha mrija unamvusha machujio yaliyosalia karibu yote. Kwa aliyenunua, hiyo ndiyo thamani yake. Kwa mbuga alikotolewa, ambako wavunaji wanageuza udongo na kusambaza mbegu, hesabu ni nyingine, na sheria ya Kenya inataka kibali kabla mtu hajaifanya.

Malkia wangu wa baraza alipona mafuriko. Nilimhamisha bila kumgusa: mrija mpya mdomo kwa mdomo na ule wa zamani, utepe wa gundi kuzunguka maungio, mpya umefunikwa kwa kitambaa cheusi, wa zamani umeachwa kwenye mwanga wa taa ya mezani. Jioni yote hakusogea. Kulipokucha alikuwa upande wa giza. Baada ya wiki kadhaa palikuwa na sisimizi wanne wadogo ajabu, nusu ya umbo la kawaida, kwa sababu walijengwa kwa mabaki ya mwili wa mama yao. Hapo ndipo nilipowapa chakula cha kwanza: tone la maji ya sukari kwenye kipande cha karatasi na mguu mmoja wa panzi. Walianza na sukari. Mmoja alijaza tumbo mpaka likang'aa, akarudi moja kwa moja kwa malkia na kumtilia mdomoni.