Kuruta Mbele ya Sentensi 567

Dodoso la kisaikolojia la MMPI-2, lililotoka Marekani mwaka 1989, lina sentensi 567, nyingi zikiwa katika nafsi ya kwanza: mimi hivi, mimi vile. Anayeomba kazi ya polisi anachagua kweli au si kweli, basi. Wataalamu huko huzitumia alama zake kubashiri nani atayaacha mafunzo njiani.

Tulisome kwa macho ya mhakiki. Hiyo “mimi” si ya kuruta, amewekewa kinywani. Hawezi kusema “zamani ndiyo, siku hizi sivyo.” Sasa fikiria dodoso hili likiletwa Bujumbura. Polisi ya Taifa ya Burundi iliundwa kwa sheria ya tarehe 31 Desemba 2004, tunda la Mkataba wa Amani wa Arusha wa mwaka 2000, ikawaweka pamoja watu wa vikosi vya zamani vya serikali na wapiganaji waliotoka msituni. Mtu wa aina hiyo ukimuuliza habari za hofu au usingizi, jibu lake lina mwaka na mahali. Visanduku viwili, kweli na si kweli, havina pa kuliweka.

Ufundi wenyewe uko katika kipimo cha uongo: sentensi 15 zilizotawanywa kuhusu vijikosa ambavyo karibu kila binadamu anavyo. Anayevikana vyote hushukiwa kuwa anajipamba. Kifani, hiki ni kinaya safi, maana maandishi yanauliza hili huku yakisikiliza lile. Ila kinaya hudai mila moja kati ya msemaji na msikilizaji, na wastani wa dodoso hili ulipatikana kwa Wamarekani 2,600. Kijana wa Kamenge, mtaa wa Bujumbura, aliyekua akijifunza kutofungua moyo mbele ya mwenye sare huenda akavikana vijikosa kwa adabu na tahadhari tu. Kipimo kitamwandika mwongo.

Tena hadithi inayosimuliwa na dodoso hili ina mhusika mmoja. Kuruta akiondoka, sababu inatafutwa ndani yake. Mkufunzi mkatili, posho iliyochelewa na mama mgonjwa hawamo. Na waliokataliwa mlangoni hawakupata nafasi ya kuonyesha kama wangedumu, kwa hiyo ubashiri juu yao hausahihishwi kamwe.

Likiletwa Bujumbura lilivyo, hata kwa Kirundi fasaha, dodoso hili halifai kumfungia mtu mlango. Litumike kufungua mazungumzo ya ana kwa ana, na kila anayeondoka chuoni aulizwe mwenyewe kilichomwondoa.