Beki wa kati mbele ya mabeki: namba 6 ya Gerson Fraga

Mwaka 2019 Simba ilisajili Wabrazili watatu kwa mpigo: mshambuliaji Wilker da Silva, beki Tairone Santos na Gerson Fraga, ambaye naye alikuwa amezoeleka kama beki wa kati. Msimu wa 2019/20 ulipomalizika, Fraga alikuwa kiungo mkabaji, yaani namba 6, wa mabingwa wa Tanzania Bara.

Alianzia juu. Mwaka 2009 alikuwa nahodha wa Brazil ya vijana chini ya miaka 17, kikosi chenye Neymar, Philippe Coutinho, Casemiro na Alisson. Wenzake wakafika klabu kubwa za Ulaya. Yeye, mtoto wa Porto Alegre aliyelelewa na Grêmio, akazunguka Asia: Mumbai City na ATK za India, Renofa Yamaguchi ya Japani. Kila alikohamia alilazimika kujifunza upya nani anapanda, nani anabaki, nani anamfunika mwenzake. Ujuzi huo ndio uliomfaa Dar es Salaam.

Simba ya Patrick Aussems, kisha Sven Vandenbroeck, ilipenda kushambulia kwa watu wengi. Shomari Kapombe alipanda kulia, Mohamed Hussein "Tshabalala" kushoto, na Clatous Chama akapewa uhuru wa kuzurura. Mpira ukipotea hapo, nyuma kuna uwazi mkubwa. Kiungo aliyezoea kucheza na mpira mguuni huukimbilia mpira. Mwenye jicho la beki wa kati hutazama kwanza mshambuliaji amesimama wapi, anaziba njia ya pasi, kisha ndipo anakaba. Fraga alikaba hivyo, huku Jonas Mkude kando yake akipata nafasi ya kuuchezesha mpira.

Kazi ya pili ilikuwa mipira ya juu. Ligi Kuu ina viwanja vigumu ambako mpira mrefu huokoa timu ya nyumbani. Mashabiki wa Simiyu wanavijua vya jirani: Karume wa Musoma, na Kambarage wa Shinyanga. Ni Kambarage ambako Mwadui iliifunga Simba 1-0 Oktoba 2019. Katika mechi za aina hiyo, beki anayesimama mbele ya mabeki huruka kupiga kichwa, na mabeki wawili nyuma yake hubaki kusubiri mpira wa pili.

Julai 12, 2020, nusu fainali ya Kombe la Shirikisho la Azam, Simba iliichapa Yanga 4-1. Bao la kwanza lilifungwa na Fraga. Mtu wa kulinda alipanda kwa sababu wenzake walijua nani abaki.

Mwanzoni mwa msimu uliofuata goti lilimtoa uwanjani, na Simba ikamleta Mganda Taddeo Lwanga kushika namba hiyo.

Walimu wa timu za UMISSETA, michezo ya shule za sekondari, kutoka Bariadi, Maswa, Meatu, Itilima na Busega mkoani Simiyu wanaweza kulijaribu hili bila gharama. Mchukue beki wa kati anayesoma mchezo vizuri, msogeze hatua kumi mbele, na mpe masharti matatu: asivuke mstari wa kati mabeki wote wa pembeni wakiwa wamepanda, atazame nyuma yake kabla ya kupokea mpira, na pasi yake ya kwanza iwe fupi. Mpe mechi tano katika nafasi hiyo kabla ya kuamua kama inamfaa.