Mwongozo mzuri, mwili wa mtu mwingine

Wiki hizi nimesoma kitabu ambacho wengi wetu tuliosoma uuguzi na afya ya jamii tunakitaja kwenye mikutano bila kukifungua. Ni mwongozo wa Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, wa mwaka 2018, juu ya magonjwa ya mwili kwa watu wazima wenye magonjwa makali ya akili. Kiko bure kwenye intaneti. Nimekisoma kwa Kiingereza, kwenye simu, polepole, kamusi pembeni. Nataka kusema kwanza kwa nini ni kitabu kizuri, halafu kwa nini kikifika huku kwetu inabidi kuanza kukisoma kutoka mwisho.

Uzuri wake ni huu. Kinasema bila kuzunguka kwamba watu wenye skizofrenia, baipola au huzuni kali wanakufa miaka 10 mpaka 20 mapema kuliko wengine, na kwamba wengi wao wanauawa na magonjwa ya mwili: moyo, sukari, mapafu, maambukizi. Ni magonjwa ambayo tunajua kuyatibu. Huku kwetu mtu wa namna hiyo akifa, utasikia kwenye kilio: "Wazimu njo imemumaliza." Maswali yanaisha pale. Hakuna anayeuliza alikuwa na homa siku ngapi, alikohoa tangu lini, kilo zake zilikuwa ngapi. Kitabu kinatulazimisha kuuliza, na kwa hiyo peke yake kinastahili kusomwa.

Sasa tazameni mpangilio wake. Kinaanza na tumbako. Kinafuata uzito wa mwili, halafu pombe na dawa za kulevya, halafu moyo, halafu kisukari. Baadaye kinakuja virusi vya ukimwi, na mwisho kabisa magonjwa mengine ya kuambukiza, pamoja na kifua kikuu na homa ya ini. Kwenye sura ya uzito wanashauri mgonjwa asaidiwe kubadilisha chakula na kufanya mazoezi; ikishindikana, abadilishiwe dawa apewe ile isiyonenepesha sana; ikishindikana tena, waganga wanaweza kufikiria kumuongezea metformin.

Niliposoma hapo nilisimamisha simu nikacheka kidogo, ila haikuwa furaha. Nilijaribu kumuona huyo mgonjwa kwenye barabara yetu hapa, kati ya soko na njia ya uwanja wa ndege. Ana kilo za kupunguza. Ana famasi yenye dawa tatu nne za kuchagua. Wagonjwa ninaowajua mimi wanatumia haloperidol au chlorpromazine, juu njo iliyofika mwezi huo. Kwao kubadilisha dawa ni kutoka kwenye ile iliyopo kwenda kwenye hakuna.

Waandishi wenyewe wanakubali kwamba ushahidi wao mwingi umetoka kwenye nchi tajiri. Ni uaminifu, nawashukuru. Lakini ushahidi wa kwetu Afrika ulikuwepo tayari. Kule Butajira, Ethiopia, kusini mwa Addis Ababa, watafiti walifuata watu 919 wenye magonjwa makali ya akili kwa miaka 10, kijijini, majumbani mwao. Matokeo yalitoka mwaka 2015. Watu 121 walikuwa wamekufa, karibu mara mbili ya watu wengine wa pale, na walikufa kama miaka 30 kabla ya wakati wao. Karibu nusu ya vifo hivyo vililetwa na magonjwa ya kuambukiza. Yaani kile ambacho mwongozo umekiweka mwisho, na kwa sehemu kubwa unaturudisha tu kwenye miongozo mingine ya OMS, kwa watu wanaofanana na sisi njo sura ya kwanza.

Tena kuna njaa, ambayo kwenye kitabu sikuona ikipewa sura. Sisi watu wa Kabare hatuhitaji kufundishwa njaa. Neno bwaki tulilijua kabla ya kuingia shule, na pale Lwiro, jirani yetu, utapiamlo wa watoto umechunguzwa kwa miaka mingi sana. Nani amechunguza kilo za mtu mzima mwenye wazimu? Dawa nyingi za akili zinaongeza hamu ya kula. Kwa mtu mwenye friji, atanenepa. Kwa mtu anayekula mara moja kwa siku, ni mateso. Mama mmoja aliniambia kwa nini aliacha vidonge: "Ile dawa inaniletea njaa, na chakula haiko. Sasa nikunywe ya nini?" Mwanafunzi wa uuguzi ataandika kwenye fishi kwamba mgonjwa anakataa matibabu. Mimi pia niliwahi kuandika hivyo.

Niseme sasa kwa nini jambo hili linaniuma. Mjomba wangu alikuwa anatumia dawa za akili kwa zaidi ya miaka 10. Alikuwa ametulia, analima, anachunga mbuzi za watu. Mwaka 2021 akaanza kukohoa. Akapungua. Usiku shati lake linalowa. Sisi nyumbani, na mimi nikiwa na diplome yangu ukutani, tulisema ni juu ya dawa, au hakula vizuri, au kichwa inaanza tena. Tulimpeleka kwenye sentre moja. Aliyetupokea aliona kwenye fishi neno la ugonjwa wa akili, akaacha kuandika. "Mama, huyu ni mugonjwa wa kichwa, njo vile wanakuwaka. Mumurudishe kule anachukuliaka dawa." Hakuweka kipimajoto. Hakumvua shati. Na sisi tulirudi nyumbani, hatukubishana.

Kikohozi kiliendelea miezi mingine mitatu mpaka mtu mwingine akachukua makohozi. Kifua kikuu. Tukafurahi hata, maana kina dawa, na ni ya bure. Hapo njo kosa la pili lilipoingia, na hili ni la kitaalamu. Kati ya dawa za kifua kikuu kuna rifampisini. Hiyo inalifanya ini kuvunja haloperidol haraka sana, mpaka kipimo kile kile cha jana kinakuwa kama maji. Dawa za akili zilikuwa kwenye daftari moja, za kifua kwenye daftari lingine, na madaftari hayo hayakukutana. Baada ya wiki chache mjomba akaanza kusikia sauti tena. Rifampisini pia inageuza mkojo kuwa rangi ya machungwa, karibu na nyekundu. Kila muuguzi anajua. Hakuna aliyemwambia yeye. Akaona mkojo wake, akaniita: "Mwipwa, munanikamua damu." Akaacha vidonge vyote, vya kichwa na vya kifua. Alikufa kabla ya mwaka kuisha. Kwenye kilio walisema wazimu njo umemumaliza, na mimi nilinyamaza.

Mwongozo wa OMS unasema kweli kwamba waganga waangalie dawa zinazogombana mwilini. Unasema kwa jumla, kwa sentensi ya heshima. Ningependa rifampisini na haloperidol ziwe zimeandikwa kwa herufi kubwa, ukurasa mzima, pamoja na kwinini, ambayo ikikutana na haloperidol inaweza kuvuruga mapigo ya moyo. Kwenye nchi ya malaria na kifua kikuu, huo njo ukurasa ambao muuguzi wa sentre angeubandika ukutani.

Nisionekane natupa kitabu chote. Tumbako inaua hapa pia, na wagonjwa wetu wanavuta sana. Moshi na kifua kikuu vinasaidiana kwenye kuharibu mapafu. Tansio na sukari vinapanda Bukavu, na vitafika huku, kama havijafika. Anayefanya kazi SOSAME, kituo cha Mabruda wa Upendo pale Bukavu, anaweza kupata faida kubwa kwenye sura za moyo na uzito. Lakini kutoka hapa mpaka Bukavu ni kilomita 30 na kitu, na familia nyingi zinafika huko baada ya kupita kwa chumba ya maombi, ambako mgonjwa amefungishwa chakula siku kadhaa, pengine na kufungwa mguu. Mwili unaofika umekwisha kuchoka.

Lawama yangu kubwa hata hivyo siiweki Jeneva. Mwaka 2024 mpox ilipojaza vitanda hapa Kavumu, tuliona tunachoweza. Watu waliguswa, vidonda vilioshwa, homa zilipimwa asubuhi na jioni. Hakuna muuguzi aliyetazama vipele akasema "njo vile wanakuwaka". Kwa hiyo ufundi tunao. Tunaunyima kwa mtu akishaandikwa jina moja kwenye fishi, na hakuna mwongozo utakaotuondolea hiyo aibu.

Ninachoomba kwa wenzangu wa chama wanaovaa bluzi nyeupe hakihitaji mradi wala mzungu. Mgonjwa wa akili akija kuchukua vidonge vyake vya mwezi, apande kwenye mizani, kilo ziandikwe. Aulizwe kama anakohoa zaidi ya wiki mbili. Akiwa na homa, apimwe malaria kabla ya mtu yeyote kuongeza dawa ya usingizi. Dawa zake zote, za kichwa na za mwili, ziandikwe kwenye fishi moja. Na akianza dawa za kifua, aambiwe mapema, kwa Kiswahili au kwa Mashi, mbele ya mtu wa nyumbani, kwamba mkojo utabadilika rangi na si damu.

Fishi ya mjomba ninayo bado. Kuna tarehe, kuna majina ya dawa, kuna mihuri. Mahali pa kilo, kwa miaka yote ile, ni patupu.