Kipimo cha Oili Baada ya Kufunga Rejeta

Mtu anapoifunga pikipiki yake rejeta ya oili, aghalabu fikira zake zote huwa juu ya uvujaji, kama nati zimekaza barabara na kama mipira haigusi sailensa, ilhali suala la kipimo hulimaliza kwa kumimina kiasi kilichoandikwa katika kitabu cha kiwanda. Hapo ndipo kazi iliyofanywa kwa ustadi huingia dosari. Kwani kitabu kile kiliandikwa kwa ajili ya injini isiyokuwa na rejeta, na tangu mipira ilipofungwa, hukumu ya kiasi imekwisha kuondoka kitabuni ikahamia katika kijiti cha kupimia.

Na tuchukue injini ya Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976, inayopozwa kwa upepo, ambayo umbo lake lilinakiliwa na viwanda vingi vya China hata ikawa mama wa bodaboda nyingi za Afrika ya Mashariki. Injini hii hula oili lita moja hivi. Sasa mpira wenye kipenyo cha ndani cha milimita 8, ambao urefu wa vipande vyake viwili ni mita moja, hushika mililita 50. Na ikiwa rejeta yenyewe hushika 100, jumla ni mililita 150, yaani karibu sehemu ya saba ya oili yote. Oili hiyo haitoki mbinguni: pampu huinyonya chini ya injini katika dakika ya kwanza ya kuunguruma, na kijiti kilichosoma juu kabla ya kuwasha husoma chini baada ya kuzima.

Kwa hiyo fundi mwenye hadhari huijaza rejeta kwanza kwa bomba la sindano, akiandika kiasi kilichoingia, kisha ndipo afunge mipira. Huisimamisha pikipiki wima juu ya sakafu iliyo sawa, wala si kwa stendi ya ubavuni. Huiacha injini iungurume polepole dakika 3 hadi 5, huizima, na husubiri dakika 2 au 3 oili iteremke kutoka kichwani. Hapo hukichomoa kijiti, hukifuta kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, na hukirudisha kikae juu ya mdomo wa tundu bila ya kukizungusha, maana kijiti kilichokazwa huzama zaidi na kusema uongo. Oili ya kuongeza na imiminwe kidogo kidogo, ikipimwa kila mara, kwani ziada nayo ina madhara: krenki na gia huichapa ikafanya povu, na povu halilindi chuma kama oili ilindavyo, na nyingine hutoka kwa mpira wa kupumulia ikachafua airklina.

Wako mafundi wanaoshikilia kupima asubuhi, injini ikiwa baridi. Kwa injini isiyo na rejeta sina ugomvi nao sana. Lakini rejeta ikifungwa juu kuliko injini, huenda oili yake ikateremka usiku kucha, na kijiti cha alfajiri kikaonyesha wingi ambao haupo pale pikipiki iendapo. Shida ya namna nyingine huzuka ikiwa rejeta ina valvu ya joto, kwani maadamu oili haijapata moto valvu hufunga njia, na dakika chache za kuunguruma hazitoshi kuijaza. Pikipiki ya namna hiyo sharti iendeshwe mpaka rejeta yenyewe ishikwe kwa mkono ikutwe ina uvuguvugu, ndipo ipimwe.

Jambo linalosahauliwa kupita yote huja wakati wa kubadilisha oili. Nati ya chini ikifunguliwa humwaga oili ya injini, lakini sehemu kubwa ya ile iliyo ndani ya rejeta hubaki, hivyo atakayejaza lita moja pamoja na zile mililita 150 za siku ya kwanza atakuwa amezidisha kwa yakini. Asiyependa oili mpya ichanganyike na ile nyeusi na aufungue mpira wa chini wa rejeta, akinge chupa yenye alama za vipimo, kisha kadiri iliyotoka humo airudishe kwa oili safi, na kijiti kipimwe upya baada ya injini kuunguruma.