Rangi ya Kuuzia Nyumba Daudi: Anza na Dirisha, Kadi Baadaye

Nyumba nyingi zinazouzwa hapa Daudi, Mbulu, huingia sokoni na rangi aliyoipenda mwenye nyumba: sebule ya kijani kibichi, chumba cha watoto cha pinki, korido ya bluu iliyotokana na ndoo iliyobaki kwenye kazi nyingine. Kwa anayeishi humo hakuna ubaya. Lakini mnunuzi akiletwa na dalali hukaa ndani muda mfupi, na macho yake hutafuta mambo mawili: kama nyumba ina mwanga, na kama ukuta ni mkavu. Rangi ya kuuzia ipo kwa ajili ya kujibu maswali hayo. Kadi ya rangi ya dukani haijibu hata moja, na ndiyo maana nashauri ifunguliwe mwisho.

Chukua nyumba ya kawaida ya huku: tofali za kuchoma, lipu ya saruji, paa la bati, sakafu ya saruji yenye rangi nyekundu, vyumba vitatu na sebule. Madirisha ni madogo, na sababu yake inaeleweka. Daudi iko kwenye nyanda za juu za Mbulu, kati ya Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi, na baridi ya katikati ya mwaka si ya mchezo. Wairaqw wa zamani walifika hata kuchimbia tembe zao ubavuni mwa kilima, kwa ajili ya joto na pia kujificha wasionekane na wavamizi. Leo tunajenga juu ya ardhi, lakini tumeendelea kuubania mwanga mlango.

Hapo ndipo rangi inapofanya kazi ambayo wengi hawaihesabu. Mwanga ukiingia dirishani haupigi ukuta mara moja ukaisha. Unarudi, unapiga ukuta wa pili, dari, sakafu, kisha unarudi tena. Kama nyuso za chumba kwa wastani zinarudisha nusu ya mwanga unaozigusa, jumla ya mwanga unaozunguka humo hufika mara 2 ya ule ulioingia. Wastani ukipanda hadi robo tatu, jumla inafika mara 4. Yaani chumba kinapata mwanga maradufu bila kuvunja ukuta kuongeza dirisha. Nyeupe nzuri hurudisha zaidi ya asilimia 80, krimu nyepesi karibu asilimia 70 na kitu, ilhali kijani kizito au bluu ya giza hurudisha kidogo sana. Na kwa kuwa sakafu nyekundu tayari inaula mwanga, kuta na dari ndizo zinazotakiwa kuufidia.

Je, tupake nyeupe tupu kila mahali? Dari, ndiyo, bila kusita. Kuta, hapana. Vumbi jekundu la Mbulu hukaa kwenye nyeupe tupu ndani ya wiki chache, na alama za mikono kando ya swichi huonekana mnunuzi akiwa bado mlangoni. Krimu yenye chembe ya njano au ya udongo huuficha ule wekundu, kwa sababu inafanana nao.

Upande wa dirisha nao una hesabu yake, na hapa ushauri wa vitabu vya Ulaya utakupoteza. Kule chumba kinachotazama kaskazini ndicho chenye baridi na mwanga wa kijivu. Sisi tuko karibu nyuzi 4 kusini mwa Ikweta: Juni jua linapita upande wa kaskazini, Desemba linapita kusini. Kwa hiyo katika miezi ya baridi, ambayo kwa wengi ndiyo ya mavuno na ya kushika fedha, chumba cha kaskazini kinapata jua na cha kusini kinabaki kimenuna. Ukitegemea wanunuzi wa msimu huo, chumba cha kusini ndicho kiamue joto la krimu ya nyumba nzima. Kijivu, ambacho sasa kinapendwa mjini, sikishauri kabisa kwenye nyumba ya Daudi: asubuhi ya ukungu, kijivu ndani na kijivu nje humfanya mtu akumbatie koti lake.

Sasa ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za zamani hazina nailoni juu ya msingi ya kuzuia unyevu, hivyo maji ya ardhini hupanda kwenye tofali, yakikauka huacha chumvi nyeupe na rangi huanza kubanduka chini. Kabla ya kununua chochote, bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi ya karatasi pande zote, kiache siku nzima. Ukikuta matone upande wa ukuta, rangi isubiri. Kuziba unyevu kwa rangi ya mafuta ni kujidanganya; itavimba kama ngozi iliyoungua, na mnunuzi mzoefu hugonga sehemu hiyo kwanza. Lipu mpya nayo iachwe karibu mwezi mmoja, maana saruji mbichi hula rangi ya mafuta. Moshi wa koroboi na jiko uoshwe kwa sabuni kisha ufunikwe kwa andakoti ya mafuta, la sivyo madoa ya kahawia yatapenya rangi ya maji. Ukipiga msasa rangi kuukuu ya mafuta, lowesha kwanza na watoto wakae mbali: rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi nyingi, wakati kiwango kinachohimizwa na Umoja wa Mataifa leo hakizidi sehemu 90 kwa milioni.

Je, rangi yenyewe hupandisha bei? Mwaka 2017 kampuni ya Zillow ya Marekani ilichambua picha zaidi ya 32,000 za nyumba zilizouzwa, ikaona zenye bafu la samawati ziliuzwa kwa dola 5,440 zaidi ya ilivyotarajiwa. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Mimi siiamini kwa nyumba zetu: aliyepaka bafu samawati huenda alibadili na vigae, na picha haisemi.

Hesabu ya ndoo ndiyo inayonishawishi zaidi. Chumba cha mita 3 kwa 3.5, kuta za mita 2.7, ukitoa mlango na dirisha kina mita za mraba kama 31. Mikono miwili ni 63. Kwa lita moja kwa mita za mraba 10, unahitaji lita 6 na kidogo. Ndoo moja ya lita 20 inamaliza vyumba vitatu kwa rangi moja. Rangi tatu tofauti zitakulazimisha kununua makopo ya lita 4 sita, na mabaki yatagandia stoo. Mkanda wa rangi ya mafuta unaofika kiunoni uondoe, maana unakikata chumba. Acha skatingi ya kahawia ya sentimita 15, inatosha kuzuia matope ya deki.

Kabla ya kupaka yote, paka mraba mdogo kwenye kuta mbili, utazame saa tatu asubuhi, saa nane mchana na jioni taa ikiwaka. Fundi aanze kazi umande ukishakauka na aweke rola chini mapema alasiri, kwa kuwa rangi ya maji haishiki vizuri joto likishuka chini ya nyuzi 10. Dalali apige picha asubuhi ya siku angavu, mapazia yakiwa wazi.