Nyika Haina Saa

Mkimbiaji wa uwanjani hukuta kila kitu kimeshapimwa. Mzunguko ni mita 400, kona ni zilezile, na saa humwambia alipofika. Wa nyika hakuti chochote cha namna hiyo. Anakuta tope, mwinuko, mteremko wenye nyasi zilizolowa, upepo wa ubavuni, na wenzake mamia wakigombea njia inayozidi kuwa nyembamba. Lazima aisome ardhi kwa nyayo zake, ajue mahali pa kutoa nguvu na mahali pa kuzibana. Nimewapenda wakimbiaji wa kila aina, lakini hawa wa nyika ndio ninaowaheshimu kuliko wote.

Anayetaka kuuona ufundi huo ndani ya mtu mmoja amtazame Henry Rono. Alizaliwa Nandi mwaka 1952, na mwaka 1976 akaenda Marekani, Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington katika mji wa Pullman, akawa chini ya kocha John Chaplin. Pullman imezungukwa na vilima vya ngano vinavyofuatana kama mawimbi. Kijana aliyetoka kwenye vilima vya majani ya chai hakuhitaji kufundishwa mwinuko ni nini.

Mwaka huohuo, huko Denton, Texas, alishinda mbio za nyika za ubingwa wa vyuo vikuu. Kilomita 10 alizimaliza kwa dakika 28 na sekunde 6.6, akimwacha Craig Virgin, bingwa wa mwaka uliotangulia. Mwaka 1977, Spokane, akashinda tena.

Kisha ukaja mwaka 1978, ambao Wakenya wengi wanaujua. Aprili 8, mjini Berkeley, alivunja rekodi ya dunia ya mita 5,000. Mei 13, Seattle, akavunja ile ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Juni 11, Vienna, ikawa zamu ya mita 10,000, na Juni 27, Oslo, ya mita 3,000. Rekodi nne kwa siku 81. Hizo zilikuwa mbio za uwanjani, lakini mimi naiona nyika ndani yake. Rono hakupenda kukimbia kwa mwendo mmoja. Aliongeza kasi ghafla katikati ya mbio, akatulia kidogo, akaongeza tena, mpaka aliyemfuata akakata tamaa. Kilimani ndiko mtu anakozoea hayo, kwa kuwa kilima hakimruhusu yeyote kushika mwendo mmoja. Rekodi ya mita 10,000 aliyoivunja, kwa kupunguza kama sekunde nane, ilikuwa ya Samson Kimobwa, Mkenya mwenzake wa chuo hichohicho.

Novemba ya mwaka huo, mwenye rekodi nne za dunia alirudi kwenye mbio za nyika za vyuo. Akamaliza wa 237.

Nafasi hiyo naithamini kama ushindi wake wowote. Katika mbio hizi, nafasi za wakimbiaji watano wa kwanza wa kila chuo hujumlishwa, na chuo chenye jumla ndogo ndicho mshindi. Kwa hiyo aliyechoka haruhusiwi kujionea aibu akatoka njiani, maana huenda nafasi yake ikahesabiwa. Rono alikuwa amekimbia mwaka mzima, akishinda pia Algiers kwenye Michezo ya Afrika na Edmonton kwenye Michezo ya Jumuiya ya Madola. Mwili ulikuwa umekataa. Mtu ambaye dunia nzima ilimjua aliona migongo 236 mbele yake, na bado akaufikia mstari. Uwanja wa riadha haumtahini mtu namna hiyo.

Mwaka 1979, huko Bethlehem, Pennsylvania, alirudi akamshinda Alberto Salazar, bingwa wa mwaka ule Rono alipomaliza wa 237, akatwaa taji lake la tatu. Mataji matatu ya aina hiyo wameyapata wachache sana; mmoja wao ni Edward Cheserek, Mkenya pia.

Olimpiki hakuiona kamwe. Kenya iligoma Montreal mwaka 1976 na Moscow mwaka 1980, na miaka yake bora ikaangukia hapo katikati. Baadaye pombe ilimtesa kwa muda mrefu, jambo ambalo yeye mwenyewe alilisema wazi. Inaniuma kwamba wengi wetu tulianza kumsimulia kwa masikitiko hayo kabla ya kusimulia kazi yake. Alifariki Nairobi Februari 15, 2024.

Rekodi yake ya kuruka viunzi na maji, dakika 8 na sekunde 5.4, ilidumu miaka 11. Aliyeivunja mwaka 1989, kwa tofauti ndogo kuliko kupepesa jicho, ni Peter Koech, Mkenya aliyesoma Pullman, kwenye vilima vilevile vya ngano.